MRI ya shingo 1.5T: mstari mweupe katikati ya ugwe kwenye sajitali T2, ni siringi au kivuli cha mashine?

Gradienti_Z aliuliza:

Habari za kazi wakuu. Swali hili ni kwa wanaopiga MRI ya uti wa mgongo kila siku.

Kwenye sajitali T2 ya shingo (picha ya kukata kwa ubavu, ambayo maji huonekana meupe) kunatokea mstari mwembamba mweupe unaoshuka katikati ya ugwe (uti wa neva ulio ndani ya mfereji wa mgongo) kuanzia pingili ya C3 hadi C7. Unatokea kwa wagonjwa ambao dalili zao hazifanani hata kidogo: mmoja ana ganzi ya kidole gumba, mwingine anaumwa shingo tu. Kwenye aksiali (picha ya kukata shingo kwa kukingama) hauonekani. Pia mgonjwa akimeza mate, vivuli vya koo vinaruka na kutua juu ya pingili na ugwe, picha inaharibika.

Vigezo: koili (antena ya kupokea ishara) ya kichwa na shingo, chaneli 16. FOV (upana wa eneo linalopigwa) 260 mm, slaisi 15 za mm 3, pengo mm 0.3. TR (muda wa kurudia msukumo) 3500, TE (muda wa mwangwi) 105, ETL (mistari inayochukuliwa kwa kila TR) 16, matriksi 320 × 192, NEX (mara ngapi kila mstari unarudiwa) 2, upana wa bendi 200 Hz kwa pikseli. Feizi (upande wa picha unaojazwa mstari baada ya mstari; upande wa pili ni wa frikwensi) inaenda mbele-nyuma, kama ilivyokuja na protokali.

Naomba kujua:
1. Mstari huo ni siringi (tundu lenye maji ndani ya ugwe) au ni mashine?
2. Nibadilishe kigezo gani kwanza, bila kumlaza mgonjwa muda mrefu?
3. Aksiali ya shingo ipigwe kwa GRE (gradient echo) au TSE (turbo spin echo)? Kila mtu anasema lake.
4. Mwenye plati na skrubu shingoni nimpigeje?

---

Pingili_Saba:

Mkuu, karibu. Kwa vigezo hivyo mstari huo ni wa mashine. Ni kivuli cha Gibbs, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Feizi yako ni mbele-nyuma yenye mistari 192 kwenye FOV ya mm 260. Gawanya: kila pikseli upande huo ina mm 1.35. Ugwe wa shingo una unene wa mm 7 au 8 hivi kutoka mbele kwenda nyuma. Maana yake ugwe mzima unachorwa kwa pikseli tano au sita tu. Pande zake zote mbili kuna maji ya uti, ambayo kwenye T2 ni meupe sana, na ugwe ni wa kijivu. Ukingo mkali namna hiyo, ukichorwa kwa pikseli chache, hutoa mawimbi: mstari mweupe, mweusi, mweupe, sambamba na ukingo. Mawimbi ya upande wa mbele yanakutana na ya upande wa nyuma katikati ya ugwe, na hapo ndipo unapouona mstari wako. Ndiyo maana unafuata mkunjo wa ugwe kwa unyoofu wa kutia shaka, na haunenepi wala kukonda. Kwenye T1 mstari huo utakuwa mweusi, kwa sababu maji ni meusi.

Dawa yake: geuza feizi iwe kichwa-miguu. Hapo upande wa mbele-nyuma unakuwa wa frikwensi, wenye nukta 320, pikseli mm 0.81. Ugwe uleule sasa una pikseli tisa au kumi. Mawimbi yanabaki, lakini yanakuwa membamba na kujibana ukingoni. Tena panda kutoka mistari 192 hadi 256 upande wa feizi.

Kugeuza huko kunatibu na tatizo lako la mate. Vivuli vya mwendo siku zote hutembea upande wa feizi, hata kama kitu chenyewe kinatembea upande mwingine. Feizi ikiwa mbele-nyuma, koo linatupiwa juu ya uti wa mgongo. Ikiwa kichwa-miguu, vivuli vya koo vinapanda na kushuka palepale kooni. Mapigo ya maji ya uti nayo yatatupa vivuli ndani ya mfereji wenyewe, si kukatiza ugwe. Faida ya tatu: mafuta na maji vinapishana 220 Hz kwenye 1.5T, na kupishana huko hutokea upande wa frikwensi. Sasa kutatokea mbele-nyuma, kwa hiyo sahani za juu na chini za pingili zitaonekana na unene sawa.

Gharama yake ni kwamba kichwa na kifua viko nje ya FOV upande wa feizi, na vitajikunja kuingia kwenye picha. Lazima uweke sampuli za ziada (kupima eneo pana kuliko FOV) upande wa feizi, asilimia 100. Wengi wanaogopa hapo wakidhani muda utakuwa mara mbili. Hauongezeki hivyo ukishusha NEX iwe 1. Piga hesabu: mistari 256 mara mbili ni 512, gawanya kwa ETL 16 unapata 32, zidisha kwa sekunde 3.5, jumla sekunde 112. Mistari 256 yenye NEX 2 bila sampuli za ziada ni sekunde 112 zilezile. Na chenga hazizidi, kwa sababu sampuli za ziada zinaleta ishara sawa na kurudia NEX. Protokali yako ya sasa ni sekunde 84, kwa hiyo unaongeza sekunde 28 tu, tena zote zinatokana na kupanda hadi 256.

Weka pia bendi ya kuzima ishara mbele ya pingili, unene mm 40 hadi 60, ifunike koo na taya. Washa fidia ya mtiririko.

---

Dkt_Vivuli:

Nakubaliana na Pingili_Saba, naongeza upande wa kusoma picha, kwa sababu kivuli hiki kimewahi kupeleka watu kwa mabingwa wa upasuaji bila sababu.

Siringi ya kweli huonekana kwenye aksiali, slaisi kadhaa mfululizo. Ishara yake inafanana na maji ya uti kwenye kila sikwensi (aina ya upigaji): nyeupe T2, nyeusi T1. Mara nyingi ugwe umetanuka mahali hapo. Kama sajitali inaonyesha mstari na aksiali haina kitu, usiandike siringi. Kuna hali ya katikati: mfereji wa kati wa ugwe uliobaki wazi, laini kama uzi, mm 1 au 2, unaoonekana kwenye aksiali katikati kabisa, na ugwe haujatanuka. Huo mara nyingi ni wa kuzaliwa nao na hauhitaji kumtia mtu hofu.

Ukiikuta siringi ya kweli, jambo la kwanza ni kutazama tundu kuu la fuvu. Tonsili za ubongo mdogo zikishuka zaidi ya mm 5 chini ya tundu hilo, fikiria hitilafu ya Chiari (ubongo mdogo kushuka kuingia mfereji wa mgongo). Kwa hiyo FOV ya sajitali lazima ianzie juu ya tundu kuu la fuvu na ishuke hadi pingili za kifua T2 au T3. Picha iliyokatwa kwenye C2 inanifunga mikono. Na kama hakuna Chiari wala historia ya ajali, siringi inahitaji gadolini (dawa ya sindano ya kung'arisha picha) ili kuhakikisha hakuna uvimbe ndani ya ugwe.

Swali la tatu, aksiali. Kiunoni TSE inatosha, shingoni hapana. Maji ya uti shingoni yanakwenda kwa kasi pamoja na mapigo ya moyo, na kwenye TSE yakikimbia hupoteza ishara. Unaona madoa meusi pembeni ya ugwe, ambayo macho yasiyozoea huyasoma kama mishipa isiyo ya kawaida au diski iliyochomoza. GRE ya eko nyingi (Siemens huiita MEDIC, GE huiita MERGE, Philips mFFE) huyaacha maji meupe, diski huwa na mwanga kiasi, na mfupa huwa mweusi. Hapo unatofautisha diski laini na mchomozo wa mfupa, na daktari wa upasuaji anahitaji kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Lakini GRE huukuza mfupa. Weusi wake huvimba kupita ukingo halisi, kwa hiyo tundu la neva linaonekana jembamba kuliko lilivyo. Ukiandika "tundu limebana sana" kwa kutegemea GRE peke yake, unaweza kuwa umekosea. Mimi husimamia hivi: GRE kwa kila shingo, na TSE aksiali kwenye viwango viwili au vitatu vyenye ugonjwa. Mashine ikiwa na T2 ya 3D (SPACE, CUBE au VISTA, kulingana na kampuni), piga hiyo, kisha kata mshazari. Matundu ya neva ya shingo yanatazama mbele na pembeni kwa nyuzi kama 45, kwa hiyo sajitali ya kawaida huyakata vibaya. Panga mshazari juu ya aksiali, upande wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake.

Aksiali ziwe rundo moja lisilokatika kutoka C2–C3 hadi C7–T1, slaisi za mm 3. Ile tabia ya kuweka slaisi tatu tatu kwenye kila diski na kuruka katikati ya pingili inaacha vipande vya diski vilivyohama, na kidonda kifupi cha ugwe nacho kinapotea.

Kuhusu hao wagonjwa wako: neva za shingo ziko jozi 8 kwa pingili 7, na kila neva kati ya C1 na C7 hutoka juu ya pingili yenye jina lake. Ganzi ya kidole gumba inaelekeza C6, kwa hiyo tazama diski ya C5–C6. Kidole cha kati ni C7, diski ya C6–C7. C8 hutoka kati ya C7 na T1, ndiyo maana rundo lisiishie C7. Hesabu pingili kutoka juu, ukianzia na jino la C2. Usianzie chini kwa kutegemea mbavu, kwa sababu wapo watu wenye ubavu kwenye C7.

---

Bi_Koili:

Naona mmeanza na kompyuta, nami narudi kitandani, kwa sababu nusu ya picha mbovu za shingo huharibika kabla mashine haijalia.

Alale chali, mabega yashuke chini kadiri yawezavyo na yaguse ukingo wa koili. Mabega yakibaki juu, pingili za C7 hadi T2 zinakuwa mbali na koili na picha inajaa chenga. Weka mto chini ya magoti. Mgongo ukitulia, shingo nayo inatulia. Mwanga wa leza uwe usawa wa kikoromeo, hapo uko karibu na C4. Kwa mzee mwenye kibyongo usilazimishe kichwa kigusane na koili: jaza nafasi chini ya kichwa kwa sponji, na kubali kuwa koili ya juu huenda isifunge.

Mweleze kumeza. "Tulia" peke yake haitoshi, maana mtu akitulia ndipo mate yanapojaa. Mwambie: kelele zikinyamaza, meza na kohoa; zikianza, usimeze mpaka zinyamaze tena. Kabla ya kila sikwensi mwambie kwa kipaza sauti itachukua dakika ngapi. Mtu anayejua ni dakika mbili hustahimili.

Vyuma. Orodha ya fomu husema saa, simu, funguo. Kwetu huku ongeza pini za ushungi, ambazo mtu huzisahau kwa sababu ziko kichwani tangu asubuhi; shanga za kiunoni zenye vifungo vya chuma; hirizi iliyofunikwa kwa bati au iliyofungwa kwa waya; nywele za kushonea zenye klipu au nyuzi za chuma; kope za bandia za sumaku. Uliza kwa faragha na kwa heshima. Mama hataitaja shanga wala hirizi mbele ya mkwewe. Aliyewahi kuchomelea au kusaga vyuma umuulize kama kipande kiliwahi kumwingia jichoni, na akisema ndiyo, apigwe eksirei ya macho kwanza. Betri ya moyo, kifaa cha masikio cha kupandikizwa na klipu ya mshipa wa ubongo: simama hapo mpaka upate hati ya kifaa chenyewe, modeli na masharti yake. Neno la ndugu kwamba "walisema ni salama" halitoshi.

Mikono isishikane na mapaja yasigusane ngozi kwa ngozi. Mwili ukifunga duara, mawimbi ya redio hupitisha umeme humo na kuunguza pale panapogusana. Waya za koili zisikunjwe wala kulala juu ya ngozi.

Kwa aliyepata ajali, kola ya shingo haitoki bila ruhusa ya daktari aliyemleta. Hakikisha haina riveti za chuma. Kumhamisha kunahitaji watu wanne au zaidi, mmoja ameshika kichwa na yeye ndiye anayetoa amri ya kugeuza. Kumbuka ugwe ukiwa umeumia huenda asihisi joto. Kibonyezo cha dharura mkononi mwake hakisaidii kama mkono haufanyi kazi, kwa hiyo mtu amtazame muda wote.

---

Gradienti_Z:

Asanteni sana. Dada Bi_Koili, la shanga na hirizi litaingia kwenye fomu yetu.

Pingili_Saba, feizi kichwa-miguu, 256, sampuli za ziada asilimia 100, NEX 1. Mstari umepotea, na mate hayagusi pingili tena. Ila sasa kuna ukanda kama unyoya, unaong'aa, unashuka wima mbele ya mgongo na wakati mwingine unapita juu ya ugwe. Haupo kwenye aksiali.

---

Pingili_Saba:

Huo unyoya unatoka mbali, mkuu. Pembezoni mwa sumaku kuna mahali ambapo gradienti inapinda na uga haunyooki, hivyo tishu za huko hupata frikwensi inayofanana na ya shingo. Kama elementi ya koili ya mgongo iliyo chini ya kifua imewashwa, inaisikia ishara hiyo na kuileta kwenye picha yako. Feizi ikiwa kichwa-miguu ndipo unapojitokeza kwa sura ya ukanda.

Fungua ukurasa wa koili. Acha elementi za shingo na, ikibidi kwa ajili ya T1–T2, elementi ya kwanza tu ya koili ya mgongo. Zima zote zilizo chini ya FOV. Mashine nyingi zina uchaguzi wa koili wa kujiendesha, na huo ndio huwasha elementi nyingi kupita kiasi. Ukibaki unyoya hafifu, ongeza bendi ya kuzima chini ya FOV.

---

Nusu_Tesla:

Nichukue swali la nne, la plati na skrubu.

Kwanza jina la chuma. Titani husumbua kiasi, chuma cha pua na kobalti-kromu husumbua sana. Ukiwa na 1.5T na 3T, mpeleke 1.5T. GRE iache kabisa: haina mwangwi wa digrii 180 wa kurekebisha uga uliovurugwa na chuma, kwa hiyo plati ndogo inakuwa shimo jeusi linalomeza mfereji. Aksiali zote ziwe TSE. Pandisha upana wa bendi kutoka 200 hadi 400–600 Hz kwa pikseli; ishara inashuka, fidia kwa NEX. Slaisi zibaki mm 3, usinenepeshe. TE ishuke karibu na 80. Mashine yenye sikwensi maalumu za chuma, SEMAC au MAVRIC, itumie, ingawa muda unaongezeka.

Kuzima mafuta kwa frikwensi kutashindwa karibu na chuma. Hata bila chuma, shingoni kunashindwa mara nyingi, kwa sababu umbo linabadilika ghafla kutoka shingo kwenda mabegani na hewa ya koo iko jirani. Tumia STIR (sikwensi inayozima mafuta kwa kusubiri muda maalumu, TI, badala ya kutumia frikwensi), TI 150–160 kwenye 1.5T, au Dixon (mbinu ya kutenganisha maji na mafuta) kama hakuna chuma. Wenye mashine za wazi za 0.3T hawana uchaguzi: mafuta na maji huko vinapishana kama 45 Hz tu, kwa hiyo ni STIR, na TI yake ni fupi zaidi.

STIR ipigwe kabla ya gadolini, kamwe si baada. STIR inazima chochote chenye T1 fupi kama ya mafuta, na tishu iliyonyonya gadolini inakuwa hivyo hasa. Utakuwa umechoma sindano kisha umezima kile ulichokitafuta. Dozi ni 0.1 mmol kwa kilo. Kwa dawa ya 0.5 mmol kwa mililita, mtu wa kilo 70 anapata ml 14. Kwa gadobutroli, yenye 1.0, anapata ml 7. Soma chupa, maana ujazo wa moja ni nusu ya nyingine.

---

Dkt_Vivuli:

Jambo moja kuhusu ile bendi ya kuzima aliyoshauri Pingili_Saba. Kwa shingo ya kawaida ni nzuri. Kwa mgonjwa anayeshukiwa TB ya pingili, au aliyetoka kwenye ajali, inaweza kuficha ugonjwa wenyewe.

TB ya shingo hutengeneza jipu mbele ya pingili, chini ya kano ndefu ya mbele, na hutambaa kupita pingili kadhaa huku diski ikiwa bado ina nafuu. Kwenye ajali, maji na damu mbele ya pingili ndiyo alama ya kano iliyochanika. Bendi ikisogezwa hadi ukingo wa pingili, eneo hilo lote linakuwa jeusi na msomaji anaandika "hakuna uvimbe". Kwa wagonjwa hao iondoe, au isogeze mbele iache angalau sentimita 2 wazi mbele ya pingili, na utegemee feizi ya kichwa-miguu kuzuia mate.

Kwa TB ongeza sajitali ya T2 au STIR ya mgongo mzima, hata kama maumivu yako shingoni tu, kwa sababu huruka: C5 na C6 zimeshikwa, katikati kuzima, kisha T9. Na akiwa ni mtoto mwenye jipu nyuma ya koo, msikilize anavyopumua akiwa amekaa, halafu tena akiwa amelala chali, kabla hujamfungia koili. Akikoroma au kuhangaika alipolala, simamisha kipimo na umpigie simu aliyemleta.